Jinsi ya kumlisha mwenye minyoo, kabla na baada ya dawa

Dawa ya minyoo humezwa siku moja, au tatu zikizidi. Chakula huliwa kila siku, kabla ya dawa hiyo na miezi mingi baada yake, na ndicho kinachoamua minyoo waliomo watamdhoofisha mtu kiasi gani, mwili utapambana nao kwa nguvu gani, na utumbo utachukua muda gani kupona. Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi ambaye kipimo cha choo cha mtoto kimeonyesha minyoo, na wa mtu mzima aliyepata majibu kama hayo. Lieleweke mapema: hakuna mlo unaochukua nafasi ya dawa. Lakini dawa bila mlo humwacha mtu na utumbo uliochakaa, damu pungufu na uzito usiopanda, kisha watu husema dawa haikufanya kazi.

Jua kwanza ni mnyoo gani

Omba maabara ikuandikie jina la mnyoo na wingi wa mayai, kwa sababu kila mnyoo huiba kitu tofauti na hurekebishwa kwa chakula tofauti. Kipimo cha Kato-Katz, cha kuhesabu mayai kwa hadubini, hutumia miligramu 41.7 za choo. Idadi ya mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24 kupata mayai kwa gramu moja. Kwa Ascaris (mnyoo mrefu wa mviringo), kuanzia mayai 50,000 kwa gramu ni maambukizi makali. Kwa minyoo mjeledi (Trichuris) ukali huanza 10,000, na kwa minyoo wa safura 4,000 tu.

Ascaris ndiye yule mrefu wa mviringo, jike lake hufika sentimita 20 hadi 35. Hakai ameshika ukuta wa utumbo. Hukaza misuli yake na kuogelea kinyume cha mkondo ndani ya utumbo mwembamba, akila uji wa chakula ambacho wewe umekwisha kukimeng'enya. Wakiwa wengi, vinyweleo vinavyofyonza chakula hufupika, kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa hupungua, na mafuta pamoja na vitamini A hupita bila kufyonzwa vizuri. Kwa hiyo mtoto mwenye Ascaris anayejaa gesi na kuharisha kila akinywa maziwa yasiyogandishwa huenda hana tatizo la kudumu na maziwa. Utumbo wake umechubuka tu, na hali hiyo hurekebishika.

Minyoo mjeledi hukaa kwenye utumbo mpana, sehemu ya mbele ya mwili ikiwa imefumwa ndani ya ukuta wenyewe. Wakiwa wachache hawaonekani kwa dalili yoyote. Wakiwa mamia, mtoto huharisha damu na kamasi, hudumaa, na njia ya haja kubwa huweza kutoka nje. Tegu hutoka kwenye nyama isiyoiva, na yule wa samaki hunyakua vitamini B12. Minyoo uzi wanawasha usiku kuliko wanavyoharibu lishe, na mlo hauna kazi kubwa kwao.

Minyoo wa safura wanastahili hesabu. Mmoja wa aina ya Necator americanus hunywa takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Yule wa Ancylostoma duodenale hunywa mililita 0.15 au zaidi, yaani 20 wa aina hii hula sawa na 100 wa ile. Chukua mtu mwenye Necator 100: mililita 3 za damu zinatoka kila siku. Kila mililita ya damu yenye afya ina takriban nusu miligramu ya chuma, kwa hiyo anapoteza kama miligramu 1.5. Sehemu ya chuma hicho hufyonzwa tena mbele ya safari, lakini kinachopotea bado ni kikubwa ukikumbuka kwamba mwanamume mzima mwenye afya huhitaji kufidia takriban miligramu 1 tu kwa siku, na kwamba chuma cha nafaka na mboga hufyonzwa kwa asilimia chache. Anayekula nyama au samaki mara kwa mara anaweza kuishi na minyoo hao miaka kadhaa bila kujua. Anayekula wanga na chai huishiwa damu kwa minyoo wale wale, idadi ile ile.

Kabla ya dawa: usimshindishe njaa

Kuna imani kwamba mtoto mwenye minyoo anyimwe chakula au sukari ili minyoo wafe njaa. Ni kweli Ascaris hutumia glukosi iliyomo utumboni. Lakini anayedhoofika kwanza ni mtoto. Mwili hufukuza minyoo kwa kazi inayogharimu protini nyingi: utumbo humwaga ute mzito, seli za ukuta huzaliwa na kubanduka haraka kuliko kawaida, misuli ya utumbo husukuma kwa nguvu, na kinga hutengeneza kingamwili na seli maalumu za kupambana na minyoo. Panya wa maabara walioambukizwa minyoo kisha wakalishwa mlo wenye protini kidogo, nishati kidogo au zinki kidogo, hukaa na minyoo muda mrefu zaidi, kwa sababu kinga hiyo hulegea.

Sukari ipunguze kwa sababu inakaa mahali pa chakula chenye protini, basi. Ukiitoa bila kuweka kitu mahali pake, umempunguzia mtoto nishati aliyokuwa akiitegemea.

Protini ihesabu hivi. Mtoto wa kilo 15 aliye mzima huhitaji takriban gramu 14 kwa siku. Mwenye minyoo, au anayetoka kwenye minyoo na uzito umeshuka, mlenge gramu 20 hadi 25. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa au mtindi kina 8. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina 7. Hapo umefika 21 bila nyama, na nafaka yake itaongeza kidogo. Kosa la kawaida ni kuweka protini yote kwenye mlo wa jioni, mtoto akiwa amechoka na anasinzia. Igawe, angalau gramu 5 kila mlo. Hamu ya kula ikiwa imekufa (na kwa Ascaris na safura hufa kweli), mpe milo midogo mitano au sita, na ongeza kijiko cha chai cha mafuta au cha siagi ya karanga kwenye uji. Uji mwembamba humjaza tumbo maji. Upike mzito wa kushika kijiko.

Siku ya dawa

Kwa minyoo wa tumbo, albendazoli hutolewa miligramu 400 mara moja kwa aliyetimiza miaka 2, na miligramu 200 kwa wa miezi 12 hadi 23. Mebendazoli ni miligramu 500 mara moja, au miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku tatu. Chini ya miezi 12 usitoe bila daktari, na mjamzito asimeze katika miezi mitatu ya kwanza. Mtoto mdogo asagiwe kidonge na kuchanganyiwa na maji. Kulazimishwa kumeza kizima huku akilia kumewahi kuwapalia watoto hadi kufa.

Swali la kula au kutokula kabla ya dawa huulizwa sana. Hakuna haja ya kufunga, wala ya dawa ya kuharisha kabla au baada. Hiyo ilihitajika kwa baadhi ya dawa za zamani. Mlo wenye mafuta huongeza mara kadhaa kiasi cha albendazoli kinachoingia kwenye damu. Hilo hutakiwa pale daktari anapotibu viluwiluwi (minyoo wachanga) vilivyojificha kwenye tishu, kama vile vya tegu wa nguruwe vilivyofika kwenye ubongo. Kwa minyoo wa utumbo, dawa inafanya kazi palepale utumboni, kwa hiyo mlo wa kawaida unatosha, na humpunguzia mtu kichefuchefu. Minyoo wengi hawatoki wakiwa wazima. Kutowaona chooni hakumaanishi dawa imeshindwa.

Mtoto mwenye tumbo lililovimba na gumu, anayetapika, hasa akitapika nyongo au mnyoo, na hajapata choo wala kujamba, asipewe dawa ya minyoo nyumbani wala chakula wala kinywaji. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Fundo la Ascaris linaweza kuziba utumbo.

Wiki mbili za kwanza

Utumbo ulioumizwa na minyoo hujenga upya ukuta wake haraka, kwani seli za juu hubadilishwa kila baada ya siku chache, ila vinyweleo na vimeng'enya huchukua wiki kadhaa kurudi sawasawa. Kipindi hiki kinataka chakula laini, chenye nishati, na kinachomeng'enyeka bila taabu: mayai, samaki, kuku, nyama iliyosagwa, jamii ya kunde iliyokobolewa ganda na kupondwa, viazi, ndizi mbivu. Maziwa yaliyogandishwa ni bora kuliko yasiyogandishwa kwa sasa, maana bakteria wa mtindi wamekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa. Anza na nusu kikombe mara mbili kwa siku. Ukiona hakuna gesi baada ya siku tatu, panda hadi kikombe kizima, na maziwa yasiyogandishwa, yaliyochemshwa, yajaribu kuanzia wiki ya tatu.

Kama alikuwa anaharisha, apewe maji ya chumvi na sukari ya kununua (ORS) na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6. Zinki ni sehemu ya tiba ya ukuta wa utumbo, na wengi huiacha siku kuharisha kunapokoma. Maliza siku zote.

Damu na vitamini A

Aliyekuwa na safura, au mjeledi wengi, apimwe wingi wa damu. Chakula peke yake hurudisha damu polepole mno kama upungufu ni mkubwa. Vidonge vya chuma huandikwa na mhudumu wa afya, na huendelea kama miezi mitatu baada ya damu kurudi kawaida, ili kujaza akiba iliyokombwa. Watu huacha mapema kwa sababu mbili: choo kinakuwa cheusi, jambo lisilo na madhara, na choo kinakuwa kigumu, jambo linalopungua kwa maji ya kutosha na matunda. Vidonge vifungiwe mbali na watoto, kwani vichache tu huweza kuua mtoto mdogo. Mtoto mwenye utapiamlo mkali asianzishiwe chuma siku za kwanza za matibabu. Kwake chuma cha mapema hulisha bakteria.

Mezani, mpangilio una nguvu kuliko wingi. Chuma cha mimea kinahitaji vitamini C katika mlo ule ule: chungwa moja, au nusu kikombe cha papai au pera, huweza kuongeza ufyonzaji mara mbili na zaidi. Chai na kahawa hufanya kinyume. Kikombe cha chai pamoja na chakula hukata zaidi ya nusu ya chuma hicho, kwa hiyo isogezwe saa moja au mbili baada ya kula, na mtoto asipewe kabisa. Maharage yalowekwe saa 12, maji yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya: asidi ya faitiki inayokamata chuma na zinki hupungua, na gesi pia. Kipande cha gramu 30 cha nyama au samaki kwenye sufuria la maharage husaidia chuma cha maharage yenyewe kufyonzwa, kwa hiyo kipande kidogo kila siku ni afadhali kuliko nyama nyingi siku moja kwa wiki.

Vitamini A inahitaji mafuta. Karoti, maboga na mboga za kijani vikipikwa bila tone la mafuta hupita na vitamini yao. Gramu 5 kwa mlo, yaani kijiko cha chai kilichojaa, zinatosha. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Sumatra, Indonesia, na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mboga zenye karotini (ambayo mwili huigeuza vitamini A), mafuta kwenye mlo na dawa ya minyoo kila kimoja kilichangia kupandisha vitamini A katika damu. Ukiwa na uwezo wa kufanya vyote vitatu, usichague kimoja.

Nyuzinyuzi, mafuta na bakteria wa utumbo

Hapa ndipo ushauri unaotolewa ovyo hupotosha zaidi. Husemwa kwamba nyuzinyuzi husafisha minyoo. Ukweli unategemea ni nyuzinyuzi zipi, mnyoo yupi na mlo uliobaki ukoje.

Minyoo wa utumbo mpana wanaishi katikati ya bakteria na wanawategemea. Mwaka 2010 watafiti wa Manchester walionyesha kwamba mayai ya mnyoo mjeledi wa panya huanguliwa yanapogusana na bakteria wa utumbo. Badilisha chakula cha bakteria, na mazingira ya mnyoo hubadilika. Kwa nguruwe, majaribio ya Denmark yaliona kwamba mlo wenye inulini, nyuzinyuzi inayochachuka haraka itokanayo na mizizi ya chikori, ulipunguza Oesophagostomum (minyoo wengine wa utumbo mpana wa nguruwe) na pia minyoo mjeledi. Maganda makavu ya nafaka yasiyochachuka yaliwafaa Oesophagostomum. Uchachukaji huzalisha asidi fupi za mafuta na kufanya utumbo mpana kuwa mchachu zaidi, hali isiyowafaa.

Ila kwa panya, utafiti wa mwaka 2020 ulipata kinyume: inulini tupu iliyoongezwa kwenye chakula cha maabara kilichosafishwa iliwafanya minyoo mjeledi wakae zaidi, na uvimbe wa utumbo ukazidi. Mwaka 2023 kundi jingine liliona panya waliolishwa mafuta mengi wakifukuza minyoo mjeledi ambao wenzao wa mlo wa kawaida walishindwa kuwafukuza. Asichukue mtu matokeo hayo akaanza kumnywesha mtoto mafuta; mlo wa mafuta mengi una madhara yake kwa muda mrefu, na panya wa maabara hana utapiamlo. Tunachokichukua sisi ni hiki: unga wa nyuzinyuzi wa kununua, ulioongezwa juu ya mlo duni, si tiba ya minyoo na unaweza kuudhi utumbo wenye majeraha. Nyuzinyuzi za ndani ya chakula chenyewe, juu ya mlo wenye protini ya kutosha, ndizo za kurudishia bakteria wazuri.

Kwa vitendo: aliyekuwa anaharisha damu asipewe makapi, pumba wala mboga ngumu mbichi mpaka damu ikome. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, ongeza kidogo kidogo, gramu 5 za nyuzinyuzi kila baada ya siku tatu au nne. Nusu kikombe cha maharage kina kama gramu 7, na tunda la ukubwa wa kati na ganda lake 3 hadi 4. Lengo la mtu mzima ni gramu 25 kwa siku. La mtoto, chukua umri wake wa miaka ujumlishe 5. Akijaa gesi na kuumwa, rudi hatua moja nyuma, kaa hapo wiki, na ongeza maji.

Mbegu za papai, za maboga na vitunguu saumu

Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2007 nchini Nigeria liliwapa watoto 60 mbegu za papai zilizokaushwa zikiwa na asali, au asali tupu. Takriban robo tatu ya waliopewa mbegu choo chao kilikuwa safi baada ya siku saba. Inatia moyo, lakini ni watoto wachache, na dozi ya nyumbani haipimiki. Asali isipewe aliye chini ya mwaka mmoja. Mbegu za maboga tunazipenda kwa sababu nyingine: gramu 30 zina takriban gramu 8 za protini na miligramu 2 za zinki. Zisage laini kwa mtoto mdogo ili asipaliwe, na uzihesabu kama chakula. Vitunguu saumu vitie kwenye mboga. Visimcheleweshee mtu dawa.

Usimrudishie minyoo kwenye sahani

Yai la Ascaris lina ganda la kunata na gumu. Siki, chumvi na klorini ya kiwango cha kusafishia maji hayaliui, na wanaoloweka mboga humo bila kusugua wanajidanganya. Linaloondoka huondoka kwa kusuguliwa jani kwa jani chini ya maji yanayotiririka, au kwa kumenya ganda. Linalokufa hufa kwa moto. Kama mboga zilimwagiliwa maji machafu au kuwekewa mbolea ya kinyesi cha binadamu, zipikwe tu, zisiliwe mbichi.

Nyama nzima ifike nyuzi 63 za Selsiasi katikati kisha ipumzike dakika tatu. Ya kusaga ifike 71. Bila kipimajoto, kata kipande kinene zaidi: kusiwe na wekundu wala maji ya damu. Samaki wa kuliwa mbichi agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, kiwango ambacho friji nyingi za nyumbani hazifikii. Safura ya Necator haipiti kwenye chakula kabisa. Huingia kwa ngozi ya miguu iliyokanyaga udongo mchafu, kwa hiyo anayeosha mboga kwa bidii huku mtoto akitembea peku ataendelea kushangaa damu haipandi.

Rudia kipimo cha choo wiki mbili hadi tatu baada ya dawa. Minyoo mjeledi mara nyingi hawaishi kwa dozi moja, na mhudumu anaweza kuandika siku tatu au kuongeza dawa nyingine, ivermektini. Ascaris apimwe tena baada ya miezi mitatu, maana viluwiluwi waliokuwa safarini kwenye mapafu siku ya dawa huweza kuponyoka na kukomaa. Mtoto apimwe uzito kila mwezi kwenye mizani ile ile: ukikaa pale pale miezi miwili huku anakula vizuri na choo ni safi, tatizo liko kwingine, na daktari aanze kulitafuta.